Mbwa wa Msoma Mita

Kazi yangu ni kununua vitu vilivyowachosha watu na kuwauzia wale ambao bado havijawachosha. Makochi, makabati, vitanda, meza zilizolegea miguu. Kwa hiyo nikisimulia habari za fundi wangu wa makochi, msidhani ni huruma. Fundi akifa, mimi nabaki na stoo iliyojaa mifupa ya mbao isiyouzika. Nilimtaka awe hai kwa sababu zangu, na sababu zangu nazijua.

Watu wanamwita Misumari. Akiwa kazini huijaza midomo kwa misumari midogo, anausukuma mmoja kwa ulimi, vidole vinaupokea, nyundo inashuka, na mwenzake tayari umechungulia. Siku hizi kuna stepla zinazobana kitambaa kufumba na kufumbua. Yeye anasema stepla ni ya mafundi wanaopenda kumwona mteja mara ya pili.

Kwa miaka mingi karakana ile ilikuwa ya watu wawili. Misumari alikuwa mtu wa mbao, springi na sponji. Mkewe alikuwa mtu wa kitambaa, amekaa na cherehani yake dirishani. Walibishana kutwa.

"Umenikatia kifupi."

"Sijakata kifupi. Kochi lako ndilo limenenepa."

Wateja waliokuja kuuliza bei walijikuta wamekaa kusikiliza. Kisha mke akaugua, ugonjwa usiomwachia mtu nafasi ya kuaga vizuri, akafa. Misumari akaifunika cherehani kwa shuka na kuendelea kupigilia. Ila tangu siku hiyo misumari haikutoka mdomoni. Ukimsalimia, anakuonyesha misumari. Ukimpa pole, misumari. Jambo moja aliligundua mapema: mtu mwenye mdomo uliojaa misumari haulizwi swali.

Mwili nao ukaanza kusema. Presha ilipanda ikakataa kushuka. Usingizi ukampiga chenga. Vidole vikaanza kutetemeka, na mtu wa nyundo akitetemeka, anayeumia ni kidole gumba. Kliniki walimpa vidonge, wakamwambia pia atembee na achangamane na watu. Vidonge alivimeza. Hayo mengine yalimkwama kooni.

Ana binti mmoja tu, anafundisha shule ya msingi upande wa pili wa mji, nasi sote tunamwita Mwalimu, hata baba yake. Mwalimu alikuwa amemwandalia chumba uani kwake, kimepakwa rangi, kina kitanda na dirisha linalotazama ukuta.

"Baba, funga hapa, twende nyumbani."

Misumari akatema misumari yote kiganjani. Si kitu anachokifanya kila siku. "Nikafanye nini huko?"

"Upumzike."

"Waliopumzika nawajua. Wa mwisho nilimbeba begani mimi mwenyewe."

"Na ukidondokea nyundo hapa, nani atakuokota? Huyu?" Alininyooshea kidole mimi.

"Mimi nitamwokota," nikasema. "Bila yeye sina fundi."

"Angalau mjomba hadanganyi," akasema Mwalimu.

Wakapatana hivi: siku ya kupimwa presha ikifika, ikikutwa imeshuka, mzee anabaki na karakana yake. Ikikutwa pale pale au juu zaidi, anafunga na kuhamia uani. Misumari alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Mwalimu aliamini karakana itamuua baba yake. Mimi niliamini kitakachomuua ni lile dirisha linalotazama ukuta. Hakuna kati yetu aliyekuwa na njia ya kuthibitisha.

Hapo ndipo nilipoleta kochi.

Nililinunua kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa amezikwa. Mpwa wake alikuwa anauza kila kitu kwa haraka ya mtu asiyetaka kulala pale. Kochi la mtu mmoja, mbao ngumu, mikono yake imekuwa myeusi kwa jasho la mwenyewe, na katikati ya kiti limebonyea umbo la mtu. Ndani ya umbo hilo amelala mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekunjika.

"Na mbwa?" nikauliza.

"Mchukue."

"Nikimchukua, bei inashuka."

"Bwana, mchukue tu!" Alisema kwa sauti iliyonifanya nisiendelee kubana, na mimi kubana ndiyo kula yangu. "Jioni anasimama mlangoni ananisubiri. Mimi siendi naye popote."

Kochi likapandishwa mkokotenini. Mbwa akashuka, akakaa nyuma ya gurudumu, akalifuata njia nzima bila kubweka, kama anayesindikiza jeneza. Tulipolishusha karakana, akapanda, akajikunja pale pale.

Misumari akatema. "Dalali, umeniletea kochi lenye mbwa."

"Mbwa si wangu. Ni wa kochi."

"Basi mtoe nifumue kitambaa."

"Wewe ndiye fundi, fumua vyote."

Tulijaribu kumshusha. Hakung'ata wala kunguruma. Alijifanya mzito tu, uzito usiolingana na mbavu zile, mpaka tukaona aibu kumvuta. Misumari akageukia kazi nyingine.

Jioni, jua likiwa limeegemea mapaa, mbwa alishuka mwenyewe. Akaenda mlangoni, akasimama, akageuza shingo. Misumari alinieleza baadaye: "Aliniangalia kama mtu anayechelewa kwa sababu yangu." Akaweka nyundo chini, akamfuata. Hakujua anakwenda wapi. Alirudi ametota jasho, akanywa maji, akakaa kwenye rundo la sponji, akalala mpaka asubuhi bila kuvua viatu.

Kesho yake mbwa akasimama tena mlangoni. Na kesho kutwa.

Mimi napita karakana pale karibu kila siku kukagua mali yangu, kwa hiyo nililiona jambo hili likikua. Kwanza usingizi ulirudi. Kisha chakula, maana mbwa alikuwa anakaa mbele ya sahani, na ni vigumu kula umesimama huku kiumbe kimekaa chini kinakuangalia. Kisha misumari ikapungua mdomoni, kwa sababu huwezi kumwita mbwa ukiwa umeuma misumari. Akaanza kumwita Bosi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapanga saa ya kufunga kazi. Na aliyezoea kumwita mbwa huishia kumwambia habari, na aliyemwambia mbwa habari haoni taabu kumwambia na jirani. Wauza maji, mshona viatu wa njiani, watoto wa shule, wote wakawa wanamjua. Vidole vikatulia. Siku moja nikakuta shuka imetolewa, cherehani iko wazi, imetiwa mafuta, na Misumari mwenyewe anashona foronya ya mto, mshono umepinda kama njia ya mbuzi.

"Mkeo angekucheka," nikamwambia.

"Anacheka," akasema, akaendelea kukanyaga.

Jibu hilo sikulipenda, nikaliacha lipite.

Kochi halikuguswa. Nilipoona nimekwama, nikalibadilisha kwake kwa kazi: mimi napata makochi yangu mengine yavikwe, yeye abaki na lile lenye mbwa. Biashara nzuri, nadhani, ingawa mpaka leo sijui nani alimpunja mwenzake.

Siku moja niliwafuata matembezini, kuona kinachomtia mzee afya hivyo. Na hapo nikaona mambo ambayo ningependa kutoyaona.

Mbwa alikuwa na njia yake. Hakunusa kona, hakukimbiza paka. Alikwenda moja kwa moja hadi geti fulani, akasimama. Akasubiri kidogo, kwa kipimo kile kile kila geti, kama kuna mtu ameinama pale anafanya kitu na mbwa anamngoja amalize. Kisha akaondoka. Geti la pili, vile vile. Akaruka nyumba mbili zisizo na bomba, akasimama ya tatu. Ndani ya ua mmoja mama aliyekuwa anaanua nguo alisema bila kugeuka, "Mbona leo mapema?" Alipogeuka na kumwona Misumari, akashika nguo kifuani, akaingia ndani.

La pili lilinichukua muda kuling'amua. Misumari anatembea upande wa kulia, mbwa upande wa kushoto, na katikati yao pana nafasi. Si kubwa wala ndogo, ni ya kumtosha mtu mmoja mwenye mabega. Njia ikiwa pana, nafasi ile ipo. Njia ikibanwa na kuta, mbwa anajisugua ukutani mpaka manyoya yanabaki kwenye plasta, lakini haisogelei. Mbwa akiinua macho, haangalii uso wa Misumari. Anaangalia juu kidogo, palipo na hewa tupu, kwenye kimo cha mtu mrefu kuliko yeye. Mshona viatu aliyekaa njiani aliivuta miguu Misumari apite, akakaa nayo imevutwa hatua nyingine nzima, ndipo mbwa akapita, ndipo akainyoosha. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa nini nini?"

Nikajaribu kuingia kwenye ile nafasi mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa kujaribu mali. Mbwa akasimama kama aliyegonga ukuta. Sikuhisi baridi wala upepo. Nilihisi kama mtu aliyekalia kiti cha basi halafu akagundua amekalia koti la mwenyewe, na mwenyewe yuko karibu. Nikatoka. Safari ikaendelea.

Kesho yake nilimtafuta yule mpwa.

"Mjomba wako alikuwa na kazi gani?"

"Msoma mita. Wa maji." Maisha yake yote alizunguka geti hadi geti, anafunua kifuniko, anasoma namba. Alipostaafu, miguu ikakataa kustaafu. Akaendelea kuzunguka na mbwa wake, anafunua, anasoma, anafunika, hakuna anayemlipa. "Wakamkuta geti la mwisho. Lile la kijani, nyumba isiyo na watu. Amekaa ameegemea ukuta, kofia imeteremka usoni. Mbwa alikuwa pembeni yake. Walidhani amesinzia."

Siku ya kupimwa ikafika. Nilikwenda kliniki na Misumari na binti yake kwa kuwa nilikuwa na mali yangu kwenye matokeo. Nesi akamfunga mkanda mkononi, akapuliza, akatazama. Akafungua, akaufunga mkono wa pili. Akatazama tena.

"Mzee, presha hii ni ya kwako?"

"Ya nani tena?"

"Sijui. Faili hili na mtu huyu haviendani. Umeiazima wapi?" Akacheka. Misumari hakucheka, na mimi pia sikucheka. "Endelea na vidonge vyako, na endelea na hicho kingine unachokifanya."

Kwa makubaliano, neno lilikuwa limekwisha. Lakini Mwalimu anafundisha watoto, amezoea kuuliza swali linalofuata. Tulipofika karakana akamuuliza baba yake anatembea hadi wapi siku hizi.

"Mwanzoni nilikuwa napumua kwa taabu, nageuka njiani. Sasa pumzi ipo. Kila siku tunaongeza kipande." Alisema kwa majivuno ya mtoto aliyepata vema. "Jana nimeliona kwa mbali geti la kijani."

Mwalimu akanigeukia. "Mjomba, mbwa huyu ulimtoa wapi?"

Asili ya mali siifichi, maana mali iliyofichwa asili hurudishwa. Nikamwambia yote, msoma mita, geti la kijani, ukuta, kofia. Uso ukampauka Mwalimu.

"Kwa hiyo kadiri anavyopona ndivyo anavyosogea." Akamgeukia baba yake. "Baba, huponi wewe. Unanenepeshwa."

"Usiseme hivyo mbele ya Bosi."

"Mbwa aondoke leo!"

"Akiondoka, nitatembea na nani?"

"Peke yako! Kliniki hawakusema mbwa, walisema miguu."

"Miguu nilikuwa nayo hapo kabla," akasema Misumari taratibu. "Ilikuwa haiendi popote. Mtu hatoki nje kwa sababu ameambiwa, mwanangu. Anatoka kwa sababu kuna anayemsubiri mlangoni."

Mbwa alikuwa ameshuka kochini. Jua lilikuwa limeegemea mapaa. Alikwenda mlangoni, akageuza shingo.

Watu wawili wakivutana na kila mmoja ana haki, hapo ndipo dalali anapoitwa dalali. Nikasema: "Twende wote. Leo, mpaka hilo geti la kijani. Mzee akifika na kurudi, Mwalimu hutalisema tena jambo hili. Akishindwa kurudi kwa miguu yake, anahamia uani na mbwa namchukua mimi."

"Akikaa chini pale," akasema Mwalimu. "Hata kidogo tu. Akikaa, nimeshinda."

"Na nikichoka?" akauliza Misumari.

"Uchoke umesimama, baba."

Alikubali. Akaingia ndani kidogo, nikasikia anahangaika na mbao na kamba, akatoka anapangusa mikono, tukaondoka.

Njiani Mwalimu aliiona ile nafasi bila kuonyeshwa. Alikuwa akitaka kumshika baba yake mkono upande ule, akaunyoosha mkono, akaurudisha, akazunguka na kumshika upande mwingine. Geti hadi geti tulisimama, tukasubiri, tukaendelea. Nyumba zilipungua. Lami ikaisha. Majani makavu yalikuwa yameota mpaka kwenye kingo, na hapakuwa na sauti ya redio wala ya sufuria.

Geti la kijani lilikuwa limeliwa na kutu chini. Kando yake, kisanduku cha mita kimefunguka, ndani mna mchanga. Na ukuta. Nitakuwa mkweli, ulikuwa ukuta mzuri. Jua lilikuwa limeupasha siku nzima, sasa kivuli kimeufikia, chini kuna jiwe bapa kama lililochongwa kwa ajili ya kukalia. Miguu yangu mwenyewe ikaanza kuuma, na mimi siumwi miguu. Mbwa akaenda akakaa pembeni ya jiwe, akaacha nafasi.

Kisha akainua macho. Kwa mara ya kwanza kwenye njia ile, alimwangalia Misumari mwenyewe, usoni kabisa.

Misumari akaachia mkono wa binti yake. Akausogelea ukuta, akaweka kiganja juu yake. Uso wake ulilegea kama uso wa mtu aliyeonyeshwa kitanda baada ya safari. Magoti yakaanza kukunjika.

"Baba," akasema Mwalimu. Si kwa ukali. Ilikuwa sauti ya mtoto wa zamani sana.

"Pazuri hapa," akasema Misumari. "Panatulia."

Nilifungua mdomo nitaje bei ya kitu, kitu chochote, lakini Misumari akaniwahi.

"Ila nimeunga mguu wa kiti," akaendelea Misumari, polepole, kana kwamba anamweleza mtu aliyekaa kwenye lile jiwe. "Nimeupaka gundi, nimeubana kwa kamba, na nimeuacha umepinda. Usiponyooshwa kabla gundi haijashika, utashika hivyo hivyo. Mteja atakaa upande."

"Umeuacha umepinda?" akauliza Mwalimu. "Wewe?"

"Makusudi," akasema baba yake. "Nilijua nitapapenda."

Akanyoosha magoti. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaondoa kiganja ukutani, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kwa adabu mbele ya jiwe tupu.

"Shikamoo, mzee. Umenisindikiza vya kutosha. Mimi narudi kazini." Kisha kwa mbwa: "Bosi, wewe hiari yako. Wote wawili ni wako."

Akageuka. Tukageuka. Mbwa hakuinuka.

Tulitembea. Mwalimu alishika mkono wa shati la baba yake kwa vidole viwili, kama mtoto anayevushwa barabara, ingawa sijui nani alikuwa anamvusha nani. Tulifika lami inapoanza. Hapo nyuma yetu nikasikia kucha za mbwa juu ya changarawe. Na pamoja na kucha, sauti nyingine, nzito, ya viatu vinavyoburuza kidogo visigino.

"Msigeuke," akanong'ona Mwalimu.

Hakuwa na haja ya kuniambia. Kitu ambacho sina mpango wa kukinunua, sikitazami.

Vilikuja vyote viwili, kucha na visigino, kwa mwendo wetu ule ule. Tukapita geti moja. Kwenye geti lililofuata visigino vilisimama. Kucha nazo zikasimama. Misumari alijikaza, hakupunguza mwendo, lakini niliona shingo yake inavyotaka kugeuka. Tukaenda. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilianza kukifikiria kile chumba cha uani.

Kisha kucha peke yake, mbio, juu ya lami.

Mbwa alitupita, akageuza shingo kutuangalia kama watu wanaomchelewesha, akatangulia.

Karakana, Misumari alipiga magoti mbele ya kiti. Gundi ilikuwa imeanza kukaza lakini bado inasikia. Akalegeza kamba, akaunyoosha mguu kwa viganja viwili, akaangalia kwa jicho moja, akaurudishia kamba. Vidole havikutetemeka. Mimi nilisimama nikingoja Mwalimu atoe neno la kufunga mapatano yetu, maana mapatano yasiyofungwa kwa neno hunikera.

Hakulitoa. Alimtazama mbwa aliyelala chini ya meza ya kazi, ubavu unapanda na kushuka. Kisha akavua viatu, akaviweka kando ya mlango kama mtu asiyeondoka leo.

"Huyu," akauliza, "mnampa nini kula?"